Anayekula kamisheni ndo abanwe

Mhariri, kuna watu wanasema ukitapeliwa hela na mtu anayetangaza uwekezaji WhatsApp ni tamaa zako mwenyewe, mimi sikubaliani nao kabisa. Tuliona DECI, ule upatu wa kitapeli, mwaka 2009, watu walipanda mbegu wakiahidiwa kuvuna, na wengi waliletwa na watu wanaosali nao, sasa hapo utamwambia mama ntilie angefanya utafiti gani?

Sheria ipo tangu 1994, mshauri wa uwekezaji anatakiwa awe na leseni ya CMSA, yaani mamlaka ya masoko ya mitaji, ila huku kwenye magrupu mtu anatupia skrinshoti ya muamala, anaweka namba ya kutuma hela na anakula kamisheni kwa kila kichwa anachoingiza bila kusema. Huyo ndo abanwe. Wasije tu wakamgusa anayewaambia wenzake kwenye kikoba kwamba kaweka hela kwenye mifuko ya uwekezaji ya UTT na kapata faida kiasi fulani, hayo ni maongezi ya kawaida jamani.

Na sisi tukiambiwa hela inazaa mara mbili kwa mwezi tuulize leseni kwanza, CMSA nao watuwezeshe kuhakiki jina la mtu kwa meseji tu, hata mwenye kiswaswadu aweze.

Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam