Bima ya gari la kwanza: usishushe thamani, shusha gari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wanaodunduliza kununua gari la kwanza. Wengi wanapiga hesabu ya bei ya yadi tu, bima wanaikumbuka siku ya kulichukua gari, na hapo ndipo wanapoumia.

Kwa viwango vilivyozoeleka, bima ndogo ya gari binafsi ni Sh118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Inamlipa uliyemgonga, gari lako likipondeka au kuibwa, hasara ni yako. Bima kubwa, inayolipia na gari lako, huwa asilimia 3.5 ya thamani, kisha VAT asilimia 18. Kwa gari la Sh12 milioni, hiyo ni Sh495,600. Kijana akishtuka, anamwomba wakala aandike milioni 8 ili alipe Sh330,400. Ameokoa Sh165,200, lakini mikataba mingi ina kifungu cha uwiano: ukiandikisha sehemu tu ya thamani, unalipwa sehemu hiyo hiyo ya hasara. Ikitokea ajali ya matengenezo ya milioni 3, atalipwa theluthi mbili, yaani milioni 2, na bado atakatwa sehemu anayopaswa kujilipia kwa kila dai. Akiwa alikuwa anabeba abiria wa kulipa kwa bima ya gari binafsi, asitarajie kitu.

Kama bima ya milioni 12 inakushinda, tafuta gari la milioni 8 ulikatie bima kubwa kwa thamani yake kamili.

Sasa, gari gani? Toyota Passo ya cc 1,000 hainywi mafuta mengi, ila ipakie watu wanne, washa AC, kisha panda mlima: utaionea huruma. Toyota IST ya cc 1,300 inatosha. Injini yake inatumia cheni, si mkanda wa kubadilishwa kila baada ya kilomita kadhaa, na vipuri vimejaa kwenye maduka ya Gerezani, hapa Dar. Anayetaka raha ya kuendesha atazame Suzuki Swift ya cc 1,300 yenye gia za mkono: nyepesi, usukani unaitika, kwenye kona inatulia. Vipuri vyake vinahitaji kutafutwa zaidi. Honda Fit ya CVT, yaani gia boksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, ni nzuri mikononi mwa aliyeitunza. Ikiwekwa oili ya gia boksi ya kawaida huanza kutetemeka inapoondoka.

Tafadhali msikate springi wala kufunga rimu kubwa bila kuiarifu kampuni ya bima.

Siku ya kukagua, fika injini ikiwa baridi; iguse kwanza. Ikiwashwa na kutoa moshi wa bluu, inakula oili. Kanyaga breki, weka D: gari likitikisika hadi dashibodi, mauntini, yaani mipira inayoshikilia injini, zimechoka. Kwa IST, chomoa kijiti cha oili ya gia boksi, futa kwa tishu nyeupe. Ikitoka nyeusi na inanuka kuungua, achana na gari hilo hata muuzaji akipunguza bei.

Na ukishakata bima, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, ukiwa bado umesimama mbele ya wakala. Bima isipoonekana, usiondoke.

Msomaji wako,
Dar es Salaam