Barua kwa Haji kuhusu kijiji kilichohamwa

Tralee, Ayalandi

Ndugu yangu Haji,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Bi Asha na watoto. Sisi huku hatujambo ila kwa mvua, ambayo sina haja ya kuieleza tena. Nakuandikia upesi kwa sababu Shaame amenitumia ujumbe akisema kwamba wakazi wa Great Blasket, kile kisiwa nilichokutajia, walifukuzwa na serikali, na kwamba wewe unakusudia kuwasomea wanafunzi wako habari hiyo. Tafadhali usiisome bado. Mambo yalikuwa kinyume: wakazi wenyewe waliomba kuhamishwa, na serikali ndiyo iliyokawia.

Kijiji kilikuwa kimoja tu, nyumba za mawe zilizobanana kwenye mteremko unaotazama bara, ng'ambo ya Dún Chaoin, kijiji cha bara katika ncha ya magharibi ya jimbo la Kerry. Hakikuwa na duka, kanisa wala daktari, wala hata baa, jambo ambalo kwa nchi hii ni ajabu kuliko yote. Kila kilichotoka bara kilivushwa kwa naomhóg, chombo chepesi cha fito kilichovikwa turubai na kupakwa lami. Mwaka 1841 walihesabiwa watu 153, na baada ya njaa kuu ya viazi, mwaka 1851, walikuwa 97. Hata hivyo hawakuishia hapo, kwani mwaka 1911 walikuwa 160, na miaka mitano baadaye walifikia takriban 176. Kabla kidogo ya hapo, mwaka 1907, bodi ya serikali iliyosimamia wilaya maskini za magharibi ilikinunua kisiwa, ikagawa mashamba upya na kujenga nyumba mpya upande wa juu wa kijiji. Je, hiyo ni serikali ya kufukuza watu?

Shaame anakishikilia kisa cha kijana wa miaka 24 aliyeugua homa ya uti wa mgongo wakati wa Krismasi ya 1946, akafariki mwezi Januari bila daktari wala padri, kwa kuwa dhoruba ilikuwa imefunga njia. Kisa ni cha kweli, na kiliwavunja moyo waliobaki, lakini mimi sikubali kwamba ndicho chanzo. Naomhóg hutaka wanaume watatu au wanne wenye nguvu za kupiga makasia katika mkondo mkali, na kufikia wakati ule wanaume hao walikuwa wachache mno. Soko la vibua wa chumvi huko Marekani lilikuwa limeporomoka baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na vijana wakafuata njia ile ile ya samaki, wengi wao hadi Springfield, Massachusetts, ambako walikuta jamaa zao wamekwisha kutangulia. Peig Sayers, yule msimulizi mashuhuri aliyeolewa kisiwani mwaka 1892, aliona watoto wake wakivuka bahari mmoja baada ya mwingine. Wasichana walipoondoka, ndoa zilikoma, na ndoa zilipokoma, shule ilikosa watoto, ikafungwa mwaka 1941. Hesabu yote imo humo, Haji, na ilikwisha kuandikwa kabla ya dhoruba ile.

(Wakati huohuo wataalamu walikuwa wakimiminika kujifunza Kiayalandi safi: Marstrander kutoka Norwei mwaka 1907, kisha Robin Flower kutoka London. Sijui kama kuna kijiji kingine cha wavuvi kilichoandikwa sana kiasi hicho huku kikiisha.)

Mwezi Aprili 1947 wakazi walimpelekea Éamon de Valera, waziri mkuu wa Ayalandi wakati huo, simu ya maandishi wakisema wamezingirwa na dhoruba na hawana chakula. Alifika kuwatazama mwaka huohuo, lakini uhamisho ulingoja hadi tarehe 17 Novemba 1953, na hata siku hiyo mawimbi yaliharibu mpango, kwa hiyo baadhi waliondoka baadaye. Walikuwa 22 tu, na wengi wao walipewa nyumba na vipande vya ardhi huko huko Dún Chaoin. Leo kila mwaka hutafutwa watu wawili wa kukaa kisiwani msimu wa kiangazi kuhudumia wageni, na maombi hufika kwa maelfu. Marehemu wale wangecheka.

Sasa niambie: wanafunzi wako ni wa darasa gani, na wana muda gani wa somo hili? Nikunakilie kurasa za sensa za 1901 na 1911, zinazoonyesha kila nyumba, umri wa kila mtu na nani alijua kusoma? Shaame aliyatoa wapi maneno ya kufukuzwa, au amewachanganya na wapangaji waliotolewa na makabaila karne iliyotangulia? Na Bi Time, goti lake linaendeleaje? Nijibu kabla hujalisomesha somo hilo, na umwonyeshe Shaame barua hii yote, si nusu.

Nduguyo,
Makame