Barua kwa shoga yangu wa Malindi: goblini, maji kujaa na twiga wa mfalme

Mkomani, Lamu

Shoga yangu kipenzi,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu nyinyi mlio mbali na macho yetu. Kaskazi imeanza kuvuma, wageni wamejaa Shela, na mama bado anauliza lini utakuja.

Barua yako niliisoma darini nikicheka peke yangu. Umekesha unaandaa kisa cha mchezo wetu wa Dungeons & Dragons, ule wa kusimuliana mezani, ambao mwendeshaji kama wewe hutunga mahali na viumbe na wachezaji huamua watafanya nini: pango zima, walinzi kumi na wawili, mtego wa mishale, joka amelala juu ya dhahabu. Kisha wadogo zako wakawahonga walinzi mlangoni, mmoja akapiga kelele za moto upande wa pili, dhahabu ikachotwa, na mchezo ukaisha chai haijapoa. Joka hakufumbua hata jicho. Unaniuliza utawazuiaje wasirudie.

Usiwazuie, mwanangu. Dungeons & Dragons ilipotoka Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walikuwa ni watu wa michezo ya vita, ile ya kupanga majeshi madogo mezani na kuyapiganisha. Walichokileta kipya ni kwamba kila mchezaji anashika mtu mmoja tu, na mtu huyo ana ruhusa ya kujaribu lolote litakalomjia kichwani. Ukiwafungia njia wapite pale unapotaka wewe, heri uwatolee dhumna, maana dhumna ina kanuni chache na haihitaji wewe ukeshe.

Ninavyoona, wadogo zako hawana kosa na pango lako halina kosa. Ila uliandaa yale watakayofanya wao, na hayo huwezi kuyaandaa. Andaa wale watakaokutana nao: mtu huyu anataka nini, anaogopa nini, na atafanya nini iwapo hakuna atakayemwingilia. Mlinzi ambaye hajalipwa mshahara lazima ataipokea hongo, na vizuri aipokee. Lakini mlinzi ambaye joka limemshikia mwanawe huko ndani, huyo dhahabu haimfai kitu. Atawaambia wadogo zako, “Pesa sitaki, nitoleeni mtoto,” na hapo wameshaingia pangoni kwa miguu yao wenyewe bila wewe kuwasukuma.

Ngoja nikupe mfano wa juzi hapa kwetu. Wachezaji wangu unawajua: watoto wa kaka, yule mdogo wao wa kike asiyesema, na kijana wa jirani ambaye babake ni fundi wa vyombo vya baharini. Mji niliowatungia ni wa magofu, uko kisiwani, una ukuta wa mawe ya matumbawe na mibuyu ndani, na unaingiwa kwa hori lililopita katikati ya mikoko, ambalo chombo hakipiti mpaka maji yajae. Umeshafika magofu ya Takwa kule kisiwani Manda, kwa hiyo unajua nilikoiba. Kaburi la nguzo na msikiti sikuviweka mchezoni hata kidogo. Watu wa Shela huenda pale kuomba dua, mimi siwezi kupaweka mazimwi halafu nikaonana nao uso kwa uso sokoni.

Basi horini nikaweka goblini watatu, vile vizimwi vidogo vya mchezoni. Nilichoandika daftarini ni kifupi hivi: wameiba mashua, inavuja, wanataka kutoroka kabla jitu lililowafanya watumwa halijaamka, hawajui kukalafati, yaani kuziba nyufa za chombo. Kando yake nikachora visanduku sita, saa sita za maji kujaa. Kila wachezaji wakipoteza muda, nafuta kimoja. Kikifutwa cha mwisho, hori limejaa, mashua imezama au imekwenda, na jitu liko macho.

Sikusema “mnaona maadui”. Nilisema mashua imelala ubavu matopeni, kuna harufu ya sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka vyombo, na goblini mmoja anashindilia pamba kwenye nyufa kwa ncha ya kisu huku wenziwe wakimtukana. Wakubwa wakashika panga. Kijana wa jirani akainua mkono kama yuko darasani.

“Pamba wanaitia kavu?”

“Kavu.”

“Hiyo itatoka yote kabla ya kufika mlango wa bahari wa Mkanda. Haichovywi mafuta kwanza?” Akawageukia wenzake. “Wekeni panga. Hawa wanamtaka fundi.”

Tangu hapo hakuna aliyekumbuka kupigana. Akatoka mikokoni mikono juu, akajieleza. Nikamwambia arushe dadu ya pande ishirini tuone kama watamkubali: dadu ikijumlishwa na nyongeza ya ustadi wake, ifike 15. Nyongeza yake ni 3, kwa hiyo alihitaji 12 au zaidi, yaani nafasi 9 kati ya 20. Ikaanguka 6. Kwa mwendeshaji mvivu hapo goblini wamekataa na hadithi imekwama topeni pamoja na mashua. Mimi nikasema mkubwa wao amekubali, lakini hamwamini mtu: kazi ifanywe, na mmoja wenu akae ndani ya mashua mpaka iishe, tena awe yule mwenye ramani. Mwenye ramani ni yule binti asiyesema. Kaka zake wakalia, “Shangazi, hiyo si haki!” Yeye akakunja ramani, akaitia chini ya kanga, akasema, “Nakaa.” Kisha kisanduku kizima akawahoji goblini habari za jitu: linalala wapi, linakula nini, linaogopa nini. Alitoka pale na habari nyingi kuliko zile nilizoficha kwenye vyumba vitatu vya magofu.

Kwa hiyo dadu ikianguka vibaya, usiifanye ukuta. Ifanye gharama. Na usiwarushishe dadu kwa kila kitu, nakujua. Kama kushindwa hakubadilishi lolote, waache wapite. Kama kuna habari ambayo bila hiyo safari haiendi, usiifiche nyuma ya dadu moja, iweke mahali pengi: kwa goblini, ukutani, kwenye barua iliyolowa maji. Wataikosa hapa, wataiokota pale.

Sasa kuna kitu katika vitabu vya zamani vya mchezo huu ambacho vijana wa siku hizi hawakitumii, na mimi sikiachi. Ukikutana na kiumbe ambaye hujaamua moyo wake uko vipi, unarusha dadu mbili za kawaida, zile za pande sita. Ikija 2 anashambulia papo hapo, ikija 12 amekupenda kama ndugu, na katikati, 6 hadi 8, hajaamua, anakupima. Hesabu yake ni tamu: 2 huja mara 1 katika 36, na 12 vilevile, lakini 6 hadi 8 huja mara 16. Maana yake karibu nusu ya unaokutana nao njiani wanakutazama tu wajue wewe ni nani, kama ilivyo kweli duniani. Hapo ndipo mazungumzo yanapozaliwa. Dadu hizohizo zilitumika pia kupima ujasiri: mmoja wao akifa, na tena nusu yao wakianguka, rusha, ikizidi namba yao ya ujasiri, wanatimua mbio au wanasalimu amri. Rudisha kanuni hiyo nyumbani kwako na vita vyako vitafupika. Hakuna kinachochosha kama goblini wa mwisho anayepigana mpaka tone la mwisho la damu kwa sababu tu mwendeshaji amesahau kwamba na yeye ana roho.

Vita vikija lakini, vije kweli. Uliandika pia kwamba jitu lako wadogo zako walilimaliza kabla halijafanya kitu. Tazama hesabu: katika kanuni za mwaka 2014 jitu lina pointi 59 za uhai, zikiisha limeanguka, na rungu lake humpunguzia mtu wastani wa pointi 13 kwa pigo. Mchawi anayerusha moto kwa vidole, akiwa mwanzo kabisa, ana pointi kama 8. Pigo moja, yuko chini. Lakini jitu lina zamu moja na wao wana nne, wanalizunguka kila upande. Kwa hiyo unapata ubaya mara mbili: mtoto mmoja ameanguka bila kufanya lolote, na waliobaki wameshinda bila jasho. Usiongeze pointi za jitu, hiyo inarefusha tu. Lipe wenzake wawili watatu wadogo wenye pointi 7 kila mmoja, na upape mahali maana yake: daraja bovu, maji yanayopanda magotini, taa moja itakayozimika ikipigwa na upepo. Jitu langu lilipigana ndani ya birika kavu la magofu, lile la kuhifadhia maji, na kazi kubwa ya wachezaji ilikuwa kutoka birikani, kulishinda lilikuwa jambo la pili.

(Ami yangu alipoziona dadu mara ya kwanza alinijia juu, akidhani ni kamari imeingia nyumbani. Nikamkalisha akatazama kikao kizima. Hakuna pesa, hakuna dau. Mwishoni ndiye aliyekuwa akiwapigia kelele wasimwamini nahodha wa hadithini. Kama mzee wako atauliza, mkaribishe vilevile.)

Nije kwenye ombi lako la kisa kipya, cha kwenu. Mimi nilifikiria magofu ya Gede, lakini kila mtu wa Malindi atafikiria Gede. Nakupa twiga. Unajua kwamba mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikishia mfalme wa China twiga, zama zile za safari za Zheng He, amiri wa bahari wa China. Sasa fikiri: twiga mzima, aliye hai, anapandishwa chomboni, na lazima chombo king’oe nanga kabla kusi haijaisha. Wachezaji wako ndio walioajiriwa kumfikisha pwani kutoka bara.

Usiandike wapite wapi. Andika watu. Nahodha aliyekwishapokea malipo ya awali lakini chombo chake hakina mahali pa shingo ile, anaona haya kusema. Mchungaji aliyemlea twiga tangu ndama, anayetaka kwenda naye China, na hakuna aliyemwandalia nafasi. Mfanyabiashara anayetaka safari ikwame ili apeleke pembe zake za ndovu mwenyewe na kupata sifa. Na jini wa kisima cha njiani ambaye hajaona mnyama kama yule, anamtaka kwa siku moja tu, amtazame. Huyo jini ukimrushia zile dadu mbili atakupa raha, maana ikija 12 hatawaachia tena, kwa mapenzi.

Kisha jiulize kila mmoja atafanya nini iwapo wachezaji watalala. Nahodha ataondoka bila twiga. Mchungaji atamtorosha usiku. Mfanyabiashara atawahonga wapagazi. Umemaliza kuandaa, shoga, kalale. Wadogo zako watafanya watakayofanya, na wewe utajibu kwa niaba ya watu wanne unaowajua vizuri. Wakiamua kumpaka twiga rangi na kumwita ngamia, na ninavyowajua wataamua hivyo, utajua mara moja nani atadanganyika na nani hatadanganyika.

Vitabu usinunue. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi zimetolewa bure kwenye intaneti, kwa leseni inayoruhusu hata kuzichapa na kuzitumia utakavyo, mradi ukizitoa kwa wengine utaje zilikotoka. Chapa kurasa za silaha na za mazimwi tu kwanza. Kama dadu ya pande ishirini haipatikani huko, kata vikaratasi, viandike 1 hadi 20, vitie kwenye kopo la maziwa, mtu achote kimoja na kukirudisha. Wakisahau kukirudisha hesabu yote inaharibika, na yule mdogo wako wa mwisho atasahau kwa makusudi.

Lakini nina seti ya akiba. Nitampa mtu anayepanda basi Mokowe kesho asubuhi, atakupigia akifika. Ndani mna dadu saba, na halua kidogo juu yake usimwonyeshe mtu. Ile ya pande nne iweke mbali na mkeka, imeshamchoma ami unyayo na bado anailaani.

Niandikie twiga alipofika. Msalimie mama sana, na wote wanaonijua.

Wako wa daima,
shoga yako wa Mkomani