Shukrani kwa mama wa kwenye tishari, Mto Kongo

Mama uliyekuwa jirani yangu kwenye tishari kutoka Kisangani kwenda Kinshasa, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Kilomita zipatazo 1,700, mimi na Kiswahili changu tu! Tulipofika Bumba karibu kila mtu alikuwa anasema Kilingala, ukawa mdomo wangu. Ulinionyesha mitumbwi inavyovizia tishari: kijana anapiga kasia kwa nguvu zote, mwenzake anadaka ukingo, anafunga kamba upesi, na samaki waliokaushwa kwa moshi wanapandishwa huku chombo kikiendelea kuteremka. Usiku ule wa mvua ulinifunika kwa turubai lako, mwanao amelala katikati yetu. Asante sana, mama. Mungu akulinde wewe na mtoto.