Risala ya Klabu ya Ngoma kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Kasulu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, ndugu wahitimu, mabibi na mabwana, mwakeye!

Sisi wanaklabu ya ngoma tunakushukuru kwa dhati kwa kuitikia mwaliko wetu. Ngoma zilizokupokea pale langoni ndizo tulizotumwa kuzisemea.

Mheshimiwa, hapa Buha, nchi ya Waha, ngoma haikuwa ya burudani peke yake. Katika tawala za zamani za Heru, Muhambwe na nyinginezo, kama ilivyokuwa kwa jirani zetu Warundi, ngoma ilikwenda pamoja na heshima ya Mwami, yaani mtawala. Burundi walikuwa na Karyenda, ngoma takatifu ya ufalme, na hadi leo pale Gishora, karibu na Gitega, ngoma za kifalme bado zinatunzwa. Ufalme wenyewe ulifutwa mwaka 1966, lakini ngoma hazikunyamaza, na mwaka 2014 UNESCO ikaziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Wenzetu wenye ndugu ng'ambo ya mpaka ndio waliotufundisha mpangilio wake: wapigaji husimama nusu duara, ngoma iitwayo inkiranya inakaa katikati na kuongoza, ngoma za amashakwe zinashikilia mdundo bila kukoma, na zile za ibishikizo zinaifuata inkiranya popote inapogeukia. Amashakwe zikiteleza kidogo tu, wote mnapotea. Ni nidhamu ambayo hakuna kiranja aliyewahi kutufundisha.

Mheshimiwa, miongoni mwa wapigaji uliowaona wamo wasichana, nami msomaji wa risala hii ni mmoja wao. Tunajua kwamba Burundi, kwa amri ya mwaka 2017, upigaji wa ngoma hizi uliachwa kwa wanaume. Mila za jirani tunaziheshimu. Ila sisi ni watoto wa Heru, na Heru iliongozwa na Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeshika utawala tangu miaka ya 1940 na baadaye akaingia bungeni. Aliyekabidhiwa nchi ni mwanamke. Binti yake ananyimwaje mikwiro miwili?

Sasa tufike kwenye jambo linalotukosesha usingizi. Watu wengi wanadhani ngoma itakufa vijana wakiacha kucheza. Sisi tunaona vingine: vijana wapo, na mazoezi yakiitishwa uwanja unajaa. Kinachopungua ni mti na fundi.

Mzee anayetutengenezea ngoma anaishi kijiji jirani. Tulikwenda kwake tukamtazama akifanya kazi. Gogo huchongwa likiwa bado bichi, kwa tezo, kutoka pande zote mbili mpaka tundu likutane. Likiachwa likauke kwanza huwa gumu, na likianikwa juani hupasuka. Kwa hiyo hukaa kivulini, na hapo haraka haisaidii. Ngozi ya ng'ombe hulowekwa hadi ilainike, ndipo huwambwa ikiwa mbichi. Mzee hupigilia kigingi kimoja upande huu, halafu kingine upande wa pili, wanaume wawili wakiivuta ngozi, ili isielemee kokote. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, lakini fundi mzuri haivutii upande wowote. Kisha hunyoa manyoya kwa kisu, taratibu, huku akigonga kwa kidole na kusikiliza. Msimu wa mvua ngozi hunywa unyevu na kulegea, sauti ikawa nzito. Ndiyo maana asubuhi ya leo mliona moshi nyuma ya bwalo. Tulikuwa tunazikausha ngoma kwa moto wa nyasi kabla hujafika.

Mzee huyo hana mwanafunzi hata mmoja. Wanawe wamekwenda mjini kutafuta maisha, na hatuwalaumu, maana kazi hii haimlishi mtu. Na mringaringa, mti ambao Warundi huuchonga ngoma tangu zamani, unatakiwa pia na maseremala kwa samani. Gogo nene la kutosha ngoma kubwa limekuwa la kutafutwa kwa tochi.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kuwa utamaduni ndio roho ya taifa. Tunaliamini neno hilo, kwa hiyo hatuombi sare wala vipaza sauti. Tunaomba, kupitia ofisi yako, mzee wetu apatiwe posho ili aje shuleni kila Jumamosi atufundishe kuchonga na kuwamba. Tunaomba pia eneo lililo wazi nyuma ya mabweni liwe shamba la mringaringa la shule, pamoja na miche ya kuanzia. Mti hautaki haraka. Wahitimu hawa hawatazipiga ngoma zitakazotoka humo, nao wanalijua hilo, na ndio waliochimba mashimo wiki iliyopita baada ya mtihani wa mwisho.

Shimo la kwanza liko tayari na mche uko kwenye ndoo pembeni yake. Mheshimiwa, kabla ya kugawa vyeti, tunakuomba utupandie huo mmoja.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, Klabu ya Ngoma