Shangazi, Jumapili zangu tatu zote zimeangukia sikukuu

Shangazi, salamu kutoka Boston. Mimi ni Mkenya mzaliwa wa Kisii, miaka 38, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Majibu unayowapa wengine nimeyasoma kimya kimya kwa muda mrefu. Leo naja na langu.

Nililelewa na wazazi Wasabato. Ijumaa jua likizama, redio ilikuwa imezimwa na vyombo vimeshaoshwa. Kwa hiyo nilipompenda Myahudi, na kabla ya harusi nikaingia dini yake kwa hiari yangu, Sabato haikunishtua. Hata huko kuihesabu siku kuanzia jioni kulinikuta nimezoea. Si sisi tunaosema usiku wa kuamkia Jumapili? Kilichonishinda ni majira haya ya majani kupukutika.

Sikukuu zao kubwa hujazana ndani ya wiki tatu hivi. Kuna Mwaka Mpya, Rosh Hashana, siku mbili za baragumu na tufaha la kuchovya kwenye asali. Kuna Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, ambayo unafunga saa ishirini na tano bila hata tone la maji. (Mama yangu, aliyehubiriwa tangu utotoni kwamba Siku ya Upatanisho ya mbinguni ilianza mwaka 1844, kama Wasabato wafundishavyo, anaijua Walawi 16 kuliko mume wangu. Hilo huwachekesha wote wawili.) Kabla hujapumua inafika Sikukuu ya Vibanda: unajenga kibanda uani, paa la matawi lenye mianya ya kuonea nyota, mnakula humo na makoti mwilini. Mwishoni ndiyo Simchat Torah, watu wanacheza wamekumbatia magombo ya Torati. Siku hizo kubwa hatufanyi kazi, hatushiki simu wala kompyuta, hatupandi gari.

Sasa kazi yangu. Nakuza seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, na kuzigeuza ziwe seli za misuli ya moyo. Seli shina hulishwa kila siku. Chakula chake ni kimiminika cha waridi. Ukichelewa kukibadilisha kinageuka manjano, na kwenye darubini unaziona zimeng'oka sahanini zinaelea kama makapi. Lakini ukizitunza, Shangazi, kama siku ya nane tangu uanze kuzigeuza zinaanza kudunda. Sahani isiyo na mwili wala damu, inadunda! Nimeiona mara nyingi na bado huwaita wenzangu waje watazame.

Mwaka jana, 2025, sikukuu ziliangukia katikati ya wiki: Septemba 23 na 24, Oktoba 2, 7, 8, 14 na 15. Siku saba za kazi. Shule ya binti yetu ilifungwa siku zote hizo, na mume wangu ni mhasibu. Oktoba 15 ndiyo mwisho kwa wateja wake walioongezewa muda wa kodi. Usiniulize tulivukaje. Maabarani wenzangu walinilishia seli, tukapatana kwamba mimi nitashika zamu kuanzia mkesha wa Krismasi hadi Mwaka Mpya. Alhamisi Oktoba 9 nilirudi nikakuta sahani sita za manjano. Aliyekuwa na zamu alisahau. Ningemgombeza vipi mtu anayenifanyia kazi bure? Nilizimwaga, nikaanza upya. Na Desemba nililipa deni, peke yangu na mashine zinazovuma.

Mwaka huu mkuu wa maabara aliiangalia kalenda akafurahi: "Safari hii zote ni wikendi, isipokuwa Yom Kippur Jumatatu. Huna shida." Kumbe hapo ndipo shida ilipo. Kwa kuwa Jumamosi siendi kazini, Jumapili zote ni zangu. Ndivyo tulivyogawana tangu nilipoajiriwa. Na Jumapili za Septemba 13, Septemba 27 na Oktoba 4 zote ni siku ya pili ya sikukuu. Halafu Jumatatu Oktoba 5 ndiyo mwisho wa kupeleka maombi ya ruzuku, na picha zinazotakiwa humo ni za seli zangu. Kuzigandisha hadi sikukuu ziishe, kama ninavyofanya nikienda likizo, hakuwezekani. Kuna chakula cha kuzivusha wikendi, lakini hatuwezi kubadilisha chakula katikati ya jaribio halafu tukalinganisha matokeo.

Wenzangu wako tayari kunishikia tena, kwa bei ileile: Krismasi. Na hapo ndipo mama anapoingia. Desemba 26 anatimiza miaka 70. Kaka zangu watatoka Nairobi na Mombasa, mbuzi ameshachaguliwa, na mimi sijakanyaga nyumbani tangu mtoto wa pili azaliwe. Sasa ana miaka mitatu, na bibi yake anamjua kwa simu tu.

Mume wangu anasema tuiache siku ya pili. Wayahudi wengi hawaishiki, na Israeli kwenyewe Vibanda huanza kwa siku moja. Hapo niende nikalishe seli, basi. Lakini Rosh Hashana ni siku mbili hata huko Israeli, na Oktoba 4 ndiyo Simchat Torah yetu. Binti yangu ana miaka minane na ameshajichagulia gauni la kuchezea.

Tena kuna jambo ambalo yeye halioni. Yeye asipofika sinagogi, watu husema ana kazi nyingi. Mimi mwaka jana nilichelewa kufika mezani siku ya kwanza, mikono ikinuka spiriti ya maabara, na mama mkwe akanipapasa bega akasema, "Usijali, wewe hukulelewa nayo, tunaelewa." Hakuwa na ubaya, ni mama mwema. Lile "tunaelewa" halijanitoka hadi leo.

Sasa Shangazi, nitamke lipi na kwa nani? Niwaambie wenzangu kwamba Krismasi hii siwezi, wakati mapatano niliyaleta mimi mwenyewe? Nimwambie mkuu kwamba wikendi si siku tupu, naye amezoea kuniona nisiye na matatizo? Au nimkubalie mume wangu kwa Septemba 27 peke yake, nilishe seli nusu saa na nirudi kibandani bila kusema nilikokwenda?

Tiketi ya Nairobi nimeshikiwa hadi mwisho wa mwezi huu. Mama hajui lolote. Jana kanitumia picha ya mbuzi.

Mama Wawili, Boston