Mnaorekodi mawindo msikate sehemu ya kufuata damu

Mhariri, naomba nafasi kidogo nijibu hii hoja inayojirudia, eti mtu anayejirekodi video akiwinda ni mtafuta sifa tu hana lingine. Mi ni mkulima, upinde nimeushika tangu utotoni na mpaka leo na mvi zangu kazi za shamba zikiisha nauwaza huo huo, kamera ilikuja baadaye lakini saa hizi sijui kwenda porini bila vyote viwili. Wa sifa wapo, sikatai, tunawaona. Ila tatizo lao sio kamera, ni kile wanachokikata kabla ya kuwaonyesha watu.

Wanakata kufuata damu, yaani kumtafuta mnyama uliyempiga kwa alama za damu yake. Unaona klipu fupi, mshale unatoka, muziki juu, mara jamaa kashika pembe anacheka. Kijana akiangalia anajua mshale ni kama risasi. Wapi! Mshale unaua kwa kukata, kigumba kinapita kwenye mapafu au moyo mnyama anavuja damu, hata ukipiga pazuri kabisa anaweza kukimbia mita mia ndo aanguke, kwahiyo ukishaachia unatulia hapo hapo nusu saa au zaidi, na ukihisi umegonga tumbo unasubiri masaa mengi, maana ukimkurupusha mapema anaamka anaenda mbali, damu inakatika njiani, humpati tena na anakufa bure kwa mateso. Damu yenyewe inasomeka: ikiwa ya pinki na ina mapovu hiyo ya mapafu, nyekundu ya kiza mara nyingi ni ini, ukikuta imechanganyika na majani yaliyotafunwa na inanuka hiyo ya tumbo, rudi ulikotoka kimyakimya usubiri.

Hapo ndo kamera inapofanya kazi kuliko jicho. Upinde wa kompaundi, ule wenye roda kwenye ncha zake ambao Mmarekani Holless Wilbur Allen alipata hataza yake 1969, unaweza kurusha mshale karibu mita 90 kwa sekunde, inaonekana spidi kubwa lakini sauti inaenda kama 340, maana yake mnyama anasikia mlio wa kamba kabla mshale haujafika, na akishtuka anajikunja chini ili apate nguvu ya kuruka, mshale wako uliolenga kifua unapita mgongoni. Kwa macho utaapa umepiga vizuri. Rudisha video polepole ndo utajua uanze kufuata lini, au kama hakuna cha kufuata kabisa.

Na wanaosema kamera inarahisisha, yaani hao hawajawahi kuibeba. Mkiwa wawili harufu ni mara mbili, kutikisika ni mara mbili, mpiga picha lazima akae juu na nyuma kidogo ya bega lako aone unachokiona, na jioni mwanga wa kamera unaisha kabla ya mwanga wa macho, mnyama kasimama ubavu wazi mita 20, wewe unamwona vizuri, mwenzako anakunong'oneza kwenye skrini ni giza tupu. Unashusha upinde. Wanyama niliowaachia hivyo ni wengi na siwalilii, kesho watapita pale pale. Shamba linakufundisha hilo bila kwenda shule, unajua wanyama wanatokea kona gani mazao yakianza kukomaa, unajua jioni hewa ikipoa inateremka bondeni na harufu yako inaifuata, sasa ulingo wako ukiujenga upande wa juu ya njia yao umejimaliza mwenyewe.

Wala sio mambo ya vijana wa simu haya. Mwindaji Mmarekani Art Young alienda Alaska na upinde na kamera ya filamu miaka ya 1920, na Fred Bear, mtengeneza pinde maarufu, naye alirekodi filamu nyingi za mawindo yake. Najua pia kuna nchi ambazo haya hayaruhusiwi, Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, Uingereza hawataki mnyama awindwe kwa upinde, na sheria ni sheria, mtu asichukue barua yangu kama kibali.

Ombi langu kwako mhariri na wenzako ni dogo tu. Akija mtu na picha yake kaipigia magoti nyama, kabla hamjaichapa mwombeni video nzima, kuanzia mshale unapotoka mpaka alipomkuta mnyama, muone alisubiri muda gani na alifuata damu kwa umbali gani. Akisema hiyo sehemu hakurekodi, muulizeni kwa nini.

Mkulima mwenye upinde